Zebaki, sayanaidi, fosforasi na moshi wa jikoni: fungu moja la fedha, miaka 20. Bei zipangwe vipi?

Mpangaji_Ziwa

Wakuu, habari za majukumu. Naomba michango ya watu wa uchumi wa mazingira na wahandisi.

Chukueni mkoa wowote wa Kanda ya Ziwa wenye wachimbaji wadogo wa dhahabu, mji unaokua kando ya ziwa, na kaya nyingi zinazopikia kuni na mkaa. Vichafuzi vinne vinagombea fungu moja: zebaki ya mialoni (panapooshewa mchanga wa dhahabu), sayanaidi ya mitambo ya kuchenjua marudio (mchanga uliokwisha kuoshwa mialoni), fosforasi na nitrojeni zinazoingia ziwani, na moshi wa jikoni ukijumlisha ule wa kuchoma mashamba.

Darasani tunafundishwa kichafuzi kimoja kimoja. Tafuta madhara ya tani ya mwisho, weka tozo inayolingana nayo, umemaliza. Vikiwa vinne kwa wakati mmoja na mpango ni wa miaka 20, napata shida tatu:

(a) Iwe tozo moja ya jumla inayohesabiwa kwa alama za uchafuzi (vyote vikigeuzwa kwenye kipimo kimoja), au kila kichafuzi kiwe na bei yake?
(b) Bei ianze juu ishuke, au ianze chini ipande?
(c) Ukipunguza kimoja ukajikuta umeongeza kingine, hilo linaingiaje kwenye hesabu?

Naomba namba na hatua. Tafadhali tusiishie kwenye "elimu itolewe kwa wananchi".

---

Bei_Kivuli

Mkuu, nitajibu (a) na (b). Hiyo (c) wenye mitambo wanaijua kuliko mimi.

Usianze na ukali wa sumu, anza na muda inaokaa. Jiko la kuni likibadilishwa leo, hewa ya nyumba ile inakuwa safi jioni hiyo hiyo. Sayanaidi kwenye bwawa la wazi huvunjwa na jua ndani ya siku au wiki. Zebaki iliyotua kwenye tope la mto wajukuu wataikuta. Kwa hiyo gramu ya moshi inabebeshwa madhara ya leo tu, ila gramu ya zebaki inabebeshwa ya miaka yote itakayokuwepo.

Hesabu yenyewe ni fupi. Chukua madhara ya kilo moja kwa mwaka mmoja, ikiwa bado ipo kwenye mazingira. Gawanya kwa jumla ya viwango viwili: riba ya punguzo (jinsi tunavyoshusha thamani ya madhara ya miaka ijayo) na kasi ya kichafuzi kuisha chenyewe kwa mwaka. Unachopata ndiyo bei ya kilo hiyo leo.

Tuseme madhara ni shilingi 10,000 kwa kilo kwa mwaka kwa vyote, kusudi tuone kazi ya muda peke yake. Naongeza methani kwa sababu umri wake unajulikana vizuri, kama miaka 12 hewani, yaani huisha karibu asilimia 8.3 kwa mwaka. Fosforasi naikadiria asilimia 2 kwa ajili ya mfano, zebaki naichukulia haiishi.

Riba asilimia 5: methani 75,000, fosforasi 143,000, zebaki 200,000.
Riba asilimia 12: methani 49,000, fosforasi 71,000, zebaki 83,000.
Riba asilimia 2: methani 97,000, fosforasi 250,000, zebaki 500,000.

Kutoka riba ya 12 kwenda ya 2, methani imepanda mara mbili tu. Zebaki imepanda mara sita. Ugomvi wa wachumi Stern na Nordhaus juu ya tabianchi miaka ya 2006 na 2007 ulikuwa hapa hapa kwa sehemu kubwa: Stern alitumia riba ya karibu asilimia 1.4, Nordhaus akatumia inayoizidi mara kadhaa, na majibu yao hayakukutana. Mabenki ya maendeleo kwa miaka mingi yamezoea asilimia 10 hadi 12 kwenye miradi. Ukikuta andiko la mradi wa mazingira limenakili 12 bila maelezo, jua vichafuzi sugu vimeshashindwa kabla kikao hakijafunguliwa.

Sasa mwendo wa bei. Inategemea kama mna kikomo au hamna.

Kama hamna kikomo na madhara yanakua polepole kwa sababu watu wanaongezeka, bei inakua kwa kasi hiyo hiyo, na kwenye kigawanyo unaiondoa. Madhara yakikua asilimia 2 kwa mwaka na riba ni 5, zebaki ya mfano wetu inakuwa 10,000 kugawa kwa 0.03, sawa na shilingi 333,000, halafu inapanda asilimia 2 kila mwaka. Inaanza juu na kupanda taratibu.

Kama mmeweka kikomo ("limbikizo lisivuke kiasi fulani ifikapo mwaka fulani"), bei inapanda kwa riba ukijumlisha kasi ya kuisha. Kaboni dioksidi, ambayo ni kama haiishi, itapanda asilimia 5 kwa mwaka. Methani itapanda 13.3. Sababu yake ni kwamba kilo ya methani inayotolewa leo itakuwa imeisha sehemu kubwa siku ya kikomo ikifika, ila ile itakayotolewa mwaka mmoja kabla bado itakuwepo. Kwa hiyo thamani ya methani ukiilinganisha na kaboni inajirudufu kila miaka 9 hivi.

Hapo ndipo alama za uchafuzi zinapovunjika. Alama inafunga uwiano mmoja kwenye kanuni, na uwiano wenyewe unatembea. Tani ya methani kwa upeo wa miaka 100 inahesabiwa kama tani 28 hivi za kaboni dioksidi, kwa upeo wa miaka 20 inafika kama 80. Zote sahihi. Ukiandika moja kwenye sheria umeshachagua upeo bila kumwambia mtu. Kila kichafuzi kipewe bei yake, na ratiba ya kuipitia, kila miaka mitatu kwa mfano.

---

Karasha_na_Mwalo

Naja kwenye (c). Kwenye mpango wako zebaki na sayanaidi umeziweka safu mbili. Ukiziacha hivyo hesabu itatoka na makosa, kwa sababu moja inaibeba nyingine.

Mtiririko uko hivi. Mwamba unapita kwenye karasha, unasagwa, unaoshwa kwenye mwalo wenye zulia. Mchanga mzito unaobaki kwenye zulia unachanganywa na zebaki kwenye beseni, donge linakamuliwa kwa kitambaa, linachomwa. Donge lililokamuliwa kwa mkono, karibu nusu ya uzito wake ni zebaki. Ukichoma gramu 10 kwenye jiko la wazi, gramu 4 hadi 5 zinapaa, na aliyeshika koleo ndiye anazivuta kwanza. Zebaki nyingine imeshakatika unga na kuondoka na mchanga. Mchanga huo ndio marudio.

Njia hii ya zebaki huacha dhahabu nyingi nyuma, mara nyingi zaidi ya nusu. Ndiyo maana marudio yana soko. Mwenye mtambo wa sayanaidi anayanunua, anayaloweka na chokaa (pH ikae juu ya 10.5, ikishuka sayanaidi inageuka gesi na kuua watu), dhahabu inanaswa na kaboni (mkaa maalumu wa kunasia dhahabu). Tatizo ni kwamba sayanaidi haichagui. Inayeyusha na zebaki. Ile iliyokuwa imelala chini kama matone mazito sasa iko ndani ya maji na inasafiri nayo. Nyingine inanaswa kwenye kaboni pamoja na dhahabu, na siku ya elusheni (kuitoa dhahabu kwenye kaboni) au ya kuchoma kaboni inapaa angani, safari hii kwa wingi na mahali pamoja.

Kwa hiyo sera inayosema "marudio yote yaende kwenye mitambo ya kisasa" inapunguza upotevu wa dhahabu, inaongeza mwendo wa zebaki. Mkataba wa Minamata wa kudhibiti zebaki (ulipitishwa 2013, ukaanza kazi 2017, Tanzania ikauridhia 2020) unaitaja hii kwenye Kiambatisho C kati ya vitendo vinne vya kukomeshwa: kuchenjua kwa sayanaidi mchanga uliotiwa zebaki kabla ya kuitoa zebaki hiyo. Vingine vitatu ni kutia zebaki kwenye mwamba wote bila kuchuja kwanza, kuchoma donge wazi, na kuchomea kwenye makazi ya watu.

Bei iwekwe wapi? Ukiniuliza mimi, mlangoni mwa mtambo wa sayanaidi, kwa gramu za zebaki zilizomo kwenye tani ya marudio. Mialo ni mingi na inahama, mitambo ni michache na imejengwa kwa zege. Tena mnunuzi anapima sampuli ya dhahabu kabla ya kulipa, kwa hiyo kipimo cha zebaki kinaongezwa kwenye sampuli ile ile. Mtambo utakata gharama kwenye bei ya marudio, na mwenye mwalo ataona mwenyewe kwamba mchanga wenye zebaki unalipa kidogo.

Panapoharibika ni kwenye sampuli. Zebaki ni nzito, inazama. Mtu akichota juu ya lundo atapata karibu sifuri, na wauzaji wanalijua hilo. Piga bomba mpaka chini kabisa, sehemu kadhaa za lundo, changanya, gawa kwa robo mpaka upate kilo unayotaka. Na sampuli isikaushwe kwenye oveni ya moto kama mlivyozoea ya dhahabu, zebaki itaondoka na majibu yataonyesha mchanga safi. Iache kivulini, isizidi nyuzi 40.

Tozo kwenye zebaki yenyewe dukani iwe ndogo au isiwepo. Chupa moja inaingia mfukoni na mipaka ni mirefu. Tozo kubwa inaua mauzo ya walioandikishwa kwa Mkemia Mkuu wa Serikali na kunenepesha magendo, na hapo hata takwimu mlizokuwa nazo zinapotea.

---

Mpangaji_Ziwa

Asante sana Mkuu. Sasa kwa nini usipige marufuku moja kwa moja kuchoma wazi, ukagawa vifaa vya kunasia mvuke? Na je, ziwani kuna kufungamana kwa namna hiyo?

---

Karasha_na_Mwalo

Kifaa kinanasa zaidi ya asilimia 90 ya mvuke kikitumiwa vizuri. Kinaachwa kwa sababu ambazo mara nyingi haziingii kwenye bajeti. Chungu kimefungwa, wabia hawaioni dhahabu yao inavyotoka, na kazi ya ubia haina imani ya kiasi hicho. Kinachukua muda kuliko moto wa wazi. Na dhahabu inayotoka kwenye chungu cha chuma mara nyingi ina rangi ya kahawia, mnunuzi anaishushia bei. Hiyo ya mwisho inatibika sokoni: soko la madini likipima usafi kwa mashine badala ya kuangalia rangi, hoja ya kahawia inakufa.

Kingine cha kiufundi: mdomo wa bomba usizame ndani ya ndoo. Chungu kikipoa kinavuta, maji yanapanda mpaka kwenye chuma cha moto, kinapasuka. Mdomo ukae juu kidogo ya maji, bomba lizungushiwe kitambaa kibichi. Na kisifunguliwe kikiwa cha moto.

Marufuku peke yake inahamishia moto chumbani usiku. Chumba kikishaunywa mvuke, kuta zinaendelea kuutoa muda mrefu.

---

Mwani_wa_Ghuba

Nijibu la ziwa, maana kufungamana kwake ni kubaya kuliko kwa dhahabu.

Ziwa Victoria lina kilomita za mraba kama 68,800 na kina cha wastani cha mita 40 tu. Maji yake mengi yanaondoka kwa mvuke, si kwa Nile pale Jinja. Fosforasi haipandi na mvuke. Inayoingia inabaki, inazama kwenye tope, na hapo hesabu ya @Bei_Kivuli inahitaji marekebisho mawili.

La kwanza, kasi ya kuisha haikai palepale. Tope lenye oksijeni linaishika fosforasi kwa kutumia chuma. Mwani ukizidi, ukafa, ukaoza chini, oksijeni inakwisha, chuma kinaiachia fosforasi na inarudi juu kulisha mwani mwingine. Ile asilimia 2 ya mfano inaweza kuwa sifuri au hata kuwa hasi kwenye ghuba iliyochoka. Kwa hiyo kuna kizingiti, na upande wa pili wa kizingiti kilo ile ile ni ghali zaidi kuiondoa. Ghuba za Mwanza na Winam (ya Kenya) zisihesabiwe kwa bei moja na katikati ya ziwa.

La pili, nitrojeni na fosforasi hazitenganishiki. Mwani unataka kama gramu 7 za nitrojeni kwa kila gramu ya fosforasi. Ukipunguza nitrojeni peke yake, bakteria wa kijani-buluu wanashangilia, kwa sababu wao wanajichukulia nitrojeni hewani. Na baadhi yao wana sumu. Umetumia fedha na umebadilisha mwani wa kawaida kwa mbaya zaidi. Punguza fosforasi kwanza au zote pamoja, usianze na nitrojeni pekee.

Halafu kuna mtego wa majitaka. Mtu mmoja hutoa kama gramu 1.5 za fosforasi kwa siku. Mji wa watu 500,000 ni kilo 750 kwa siku, kama tani 274 kwa mwaka. Kwenye vyoo vya shimo sehemu kubwa ya hiyo inabaki ardhini. Ukiunganisha nyumba zote kwenye bomba la majitaka na mwisho wa bomba ni mabwawa ya kawaida, umepunguza kipindupindu (na hilo lifanyike, silipingi) ila fosforasi umeitoa shimoni ukaipa usafiri mpaka ziwani. Mabwawa hayo yanaua vimelea vizuri, fosforasi yanaiondoa kidogo. Kuikamata kwa chumvi ya chuma, nadharia inataka kilo 1.8 za chuma kwa kilo 1 ya fosforasi, kwenye mtambo halisi weka mara moja na nusu hadi mbili ya hapo, na tope lake liwe na pa kwenda. Gharama hiyo iandikwe kwenye mradi wa bomba tangu siku ya kwanza, isije ikaitwa "awamu ya pili".

Ziwa Erie, Marekani na Kanada, ni funzo zuri. Walikubaliana kikomo cha tani 11,000 za fosforasi kwa mwaka, wakasafisha majitaka na sabuni, miaka ya 1980 ziwa likapona. Baada ya 2000 mwani ukarudi, na Agosti 2014 mji wa Toledo ukaambiwa usinywe maji ya bomba. Walikuwa wanahesabu fosforasi yote kwa jumla, huku ile iliyoyeyuka kutoka mashambani, ambayo mwani huila mara moja, inaongezeka ndani ya jumla ile ile. Pimeni zote mbili.

Na ile safu ya moshi wa kuchoma mashamba, usiiache kwenye mapafu peke yake. Fosforasi inayoangukia Ziwa Victoria na vumbi, majivu na mvua ni sehemu kubwa ya inayoingia. Hekta isiyochomwa inalipwa mara mbili kwenye hesabu yako.

---

Stima_na_Makaa

Wandugu, niongeze mfano wa Kenya kwa upande wa moshi, maana huku tumeona bei ya kitu kimoja ikisukuma kingine.

Mwaka 2018 serikali iliweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta taa. Shabaha haikuwa hewa ya jikoni, ilikuwa uchakachuaji: mafuta taa yalikuwa bei rahisi kuliko dizeli, watu wakachanganya. Kwa lengo hilo ushuru ulifanya kazi, bei zikakaribiana na mauzo ya mafuta taa yakaporomoka. Dizeli iliyochanganywa inaharibu mashine na hewa, kwa hiyo barabarani ilikuwa faida. Nyumbani ndiko kulikuwa na swali. Wenye uwezo walihamia gesi. Wengine walirudi kwa makaa na kuni, ambazo kwa moshi ni mbaya kuliko stovu ya mafuta taa. Na Februari mwaka huo huo ukataji miti misituni ulisimamishwa, makaa nayo yakapanda bei.

Gesi yenyewe ikayumbishwa. Iliondolewa VAT mwaka 2016, ikarudishiwa asilimia 16 Julai 2021, ikashushwa hadi 8 mwaka 2022, ikaondolewa tena 2023. Mtu hanunui mtungi na meko kwa ajili ya mwezi mmoja. Akiona bei imepanda na kushuka hivyo, anaweka jiko la makaa karibu hata kama gesi anayo. Hapo umelipia vyote viwili na moshi haujaondoka.

Tanzania mna mkakati wa nishati safi ya kupikia, asilimia 80 ya kaya ifikapo 2034. Ushauri wangu kwa mpango wa mkoa: kabla ya kugusa bei ya nishati moja, andika jedwali la gharama ya kupika mlo mmoja kwa kila nishati, kwa kiasi ambacho watu hununua kweli. Makaa yanauzwa kwa mkebe, gesi kwa mtungi wa kilo 6. Hata gesi ikiwa rahisi kwa mlo, haisaidii kama pesa ya mtungi haipatikani kwa mara moja. Fungu la ruzuku lilipie kugawa malipo, si kushusha bei ya kilo kwa kila mtu, maana bei ya chini kwa wote inaliwa zaidi na wenye meko nne.

---

Kilo_kwa_Kilo

Naona (c) bado haijapewa umbo la hesabu. Mfano mzuri uko kwenye kemia ya mitambo ya makaa ya mawe, kwa sababu namba zake hazina ubishi.

Kusafisha salfa dioksidi kwa chokaa: tani 1 ya salfa dioksidi inataka tani 1.56 za mawe ya chokaa, inatoa tani 2.7 za jasi na tani 0.69 za kaboni dioksidi. Mtambo wa kusafishia nao unakula asilimia 1 hadi 2 ya umeme. Chukua tani moja ya makaa yenye salfa asilimia 1: inatoa kama kilo 20 za salfa dioksidi na kilo 2,400 za kaboni dioksidi. Ukinasa asilimia 95, umeondoa kilo 19 za salfa dioksidi. Umeongeza kilo 13 za kaboni dioksidi kwa kemia na kama kilo 36 kwa umeme, jumla 49. Tuseme bei ni dola 2,000 kwa tani ya salfa dioksidi na dola 50 kwa tani ya kaboni dioksidi. Faida dola 38, hasara dola 2.45. Jenga.

Umbo ndilo hilo: mstari mmoja kwa kila hatua, safu moja kwa kila kichafuzi, kilo zinazopungua au kuongezeka, zidisha kwa bei, jumlisha, toa gharama. Kwa mkoa wako, "bomba la majitaka" ni mstari mmoja wenye alama ya kutoa kwenye vimelea na ya kujumlisha kwenye fosforasi. "Marudio kwenda kwenye sayanaidi" vivyo hivyo. Swali la "tuanze na kipi" linajijibu: panga mistari kwa faida halisi kwa kila shilingi, shuka mpaka fungu liishe.

Uingereza walijaza hasa safu moja. Mwaka 2001 walianza kutoza kodi ya mwaka ya magari hasa kwa kaboni. Dizeli ilikuwa karibu asilimia 14 ya magari mapya mwaka 2000, mwaka 2011 ikavuka nusu. Kaboni kwa kilomita ilishuka, oksidi za nitrojeni na masizi mitaani vikabaki juu.

Waswidi walitenganisha. Kodi ya kaboni ilianza 1991 kwa krona 250 kwa tani, kodi ya salfa mwaka huo huo kwa krona 30 kwa kilo, na tozo ya oksidi za nitrojeni 1992 kwa krona 40 kwa kilo. Hii ya tatu ina ufundi: fedha zote, ukiondoa gharama ndogo za usimamizi, zinarudishwa kwa mitambo ile ile kwa kadiri ya nishati waliyozalisha. Anayetoa moshi mdogo kwa kila uniti anapata zaidi ya alicholipa. Walifanya hivyo kwa sababu kipimo cha kudumu kwenye bomba la moshi ni ghali, mitambo midogo iliachwa nje, na bila marejesho ile mikubwa ingeonewa. Tozo ya zebaki mlangoni mwa mtambo inaweza kurudishwa namna hiyo kwa gramu za dhahabu, na mwenye marudio safi akalipwa na wenzake.

---

Bei_Kivuli

@Mwani_wa_Ghuba nakubali, kasi ya kuisha kwenye ghuba si namba moja, na fomula yangu haioni kizingiti.

Kwa hoja hiyo natofautisha chombo pia. Mchumi Weitzman alionyesha mwaka 1974: madhara yakipanda ghafla kwa kila kilo inayozidi, weka kiasi, yakipanda taratibu huku gharama ya kupunguza haijulikani, weka bei. Zebaki ya mwaka mmoja ni ndogo mbele ya limbikizo lote, kwa hiyo bei inatosha, isipokuwa vile vitendo vinne vya Kiambatisho C ambavyo ni vya kukataza. Ghuba iliyo karibu na kizingiti ipewe kikomo cha tani kwa mwaka, na vibali vyake visiuzwe nje ya ghuba hiyo. Soko la vibali vya salfa la Marekani chini ya sheria ya 1990 lilipunguza salfa kwa bei nafuu sana, lakini kibali kilikuwa kimoja nchi nzima, tani iliyotoka karibu na miji mikubwa ikahesabika sawa na ya nyikani.

---

Mwani_wa_Ghuba

Kikomo cha ghuba sawa, ila ghuba nyingine zinapokea mito ya nchi jirani. Kikomo cha aina hiyo kipitie Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria, Kisumu, la sivyo upande mmoja unalipa na mwingine unajaza.

---

Kilo_kwa_Kilo

La mwisho kwa mpangaji: mishahara ya wakaguzi isitegemee mapato ya tozo. Tozo ikifanya kazi, mapato yanashuka mwaka wa nne au wa tano, na mkaguzi anakosa mafuta ya gari wakati huo huo ambao udanganyifu wa sampuli unaanza kulipa. Ukaguzi uwe kwenye bajeti ya kawaida, na kila mtambo uwekewe sampuli ya pili iliyofungwa lakiri, itunzwe miezi sita, ipimwe na maabara nyingine pale majibu ya kwanza yanapotofautiana na wastani wa eneo.